Chuo kilishafungwa, rejista zake tunaziokoaje?

Binti_Mufindi:
Kamwene wakuu. Nipo Mafinga, naomba ushauri. Marehemu baba alisomea ualimu miaka ya 1960 kwenye chuo kimoja kidogo huku kwetu nyanda za juu, kilishafungwa siku nyingi, yamebaki majengo mawili matatu na moja ni stoo ya mahindi. Mwezi uliopita nikapita pale nikanunua karanga kibandani, nafungua kikaratasi nakuta ni ukurasa wa rejista ya wanachuo, majina yameandikwa kwa mkono, ule mwandiko mzuri wa zamani, na kijiji cha kila mtu pembeni. Niliishiwa nguvu. Kuuliza naambiwa kulikuwa na maboksi mengi watu wakawa wanajichukulia tu, yamebaki matatu kwa mzee mmoja aliyekuwa mlinzi. Sasa kwenye grupu letu la WhatsApp la watoto wa waliosoma pale wengi wanataka tuchange tujenge mnara wenye jina la chuo, ila mimi moyo wangu uko kwenye hayo maboksi. Kwingine chuo kikifa wenzetu hufanyaje?

Mwl_Tukuyu:
Pole sana dada. Mi nafundisha historia form five na huwa nawasimulia wanafunzi habari za Storer College, Marekani, pale Harpers Ferry, West Virginia. Kilianzishwa 1867, vita ya wenyewe kwa wenyewe imeisha juzi tu, kusomesha watu weusi waliotoka utumwani. Azikiwe, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria, alisoma pale, na mwaka 1906 Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, na wenzake wa Niagara Movement, chama chao cha kutetea watu weusi, walifanya mkutano wao palepale kudai haki. Halafu 1954 Mahakama ya Juu ikapiga marufuku kubagua wanafunzi wa shule za serikali kwa rangi, jambo jema kabisa, ila jimbo likaacha kukipa chuo hela na 1955 kikafungwa. Hapo huwa panawauma sana wanafunzi wangu, na mimi pia.

Sasa angalia walichookoa. Majengo yakaingia kwenye hifadhi ya taifa ya kihistoria, hela za mfuko wa chuo zikaenda Virginia Union University, wahitimu wakaendelea kukutana palepale, na picha zao nyingi ziko mtandaoni kupitia maktaba ya Chuo Kikuu cha West Virginia. Mtu akiwa mbali anaweza kumtafuta babu yake. Mnara haumwezeshi hilo, kwa hiyo mi niko upande wa maboksi.

Kaka_Makambako:
Mwalimu nakubali ila jina nalo msilidharau. Mi nimesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kampasi ya Mazimbu pale Morogoro, ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, wakatukabidhi 1992 wakarudi kwao. Kampasi imebaki na jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu 1979, na makaburi ya wenzao yapo mpaka leo. Bila lile jina nisingeuliza chochote, ningesoma nikaondoka. Ila kweli, nyaraka za shule walizipeleka Chuo Kikuu cha Fort Hare, hawakuziacha stoo.

Mama_Masjala:
Mwanangu nimekaa masjala miaka mingi, nisikilize. Kesho kutwa masika, na huko Mufindi ukungu na unyevu, boksi likikaa chini kwenye sementi karatasi zinaoza na mchwa wanamalizia. Yainueni kwenye mbao, mbali na ukuta. Msibandike selotepu hata ukurasa ukichanika. Msichanganye mpangilio. Pigeni picha kila ukurasa kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, na kila picha iandikwe ni boksi gani ukurasa gani. Halafu andikeni barua kwa Nyaraka za Taifa, na makumbusho ya Boma pale Iringa mkawaone pia. Na huyo mzee mlinzi msimnyang'anye, mkaandikishane naye mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mumrekodi akisimulia maana yeye ndo anajua nani alikaa bweni lipi.

Binti_Mufindi:
Asanteni sana, mama shikamoo. Jumamosi naenda kwa mzee na mbao na turubai. Ule ukurasa wa karanga nimeuhifadhi ndani ya daftari, una majina kumi na moja, jana nikaupiga picha nikauweka kwenye grupu na dada mmoja wa Njombe akaandika, huyo wa nne ni baba yangu.