Ushauri: ofisi ndogo ya mawakili inafanyaje kwenda na sheria zinazobadilika kila kukicha?

WakiliWaZiwa

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, kwenye ofisi ndogo ya mawakili. Ofisi zetu za mikoani mnazijua, hakuna anayeweza kujifungia kwenye eneo moja. Asubuhi uko Baraza la Ardhi na Nyumba, saa nane una shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi), jioni mteja wa kampuni anapiga kuuliza habari za kodi, kesho yake mirathi. Wabia wamenikabidhi kazi ya kuhakikisha kila wakili ofisini, pamoja na vijana waliotoka Shule ya Sheria juzijuzi, anajua kilichobadilika hata nje ya eneo lake.

Angalieni mwaka 2025 peke yake. Mwanzoni marekebisho ya sheria za kazi. Machi 28 ikatoka GN (Tangazo la Serikali) 198 kukataza bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, wenye nyumba waliopangisha kwa dola wakaanza kupiga simu. Julai 1 Toleo la 2023 la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, yaani sheria za nchi zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, likaanza kutumika, na huo ndio msimu wa Sheria ya Fedha mpya. Mwezi haujaisha, Amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, kuanzia uwakala wa fedha kwa simu mpaka ufundi simu. Hapo sijagusa hukumu za Mahakama ya Rufani.

Tulichonacho sasa ni grupu la WhatsApp. Mtu akiona kitu anatupia PDF, wengine wanaweka dole gumba, biashara imeisha. Je, ninunue huduma ya kulipia ya taarifa za sheria, niajiri mtu wa utafiti, au kuna utaratibu ofisi zenu zinautumia? Naomba uzoefu, nadharia nimeshasoma za kutosha.

Mpenda_Kanuni

Grupu la WhatsApp ni kaburi la PDF. Nimeweka kambi, nasubiri wakongwe waje.

MzeeWaGazeti

Wakili msomi, usianze kugawa kazi kwa maeneo, kwamba huyu ardhi, huyu ajira, huyu kodi. Ofisi nyingi huanza hivyo na ndani ya muda mfupi kila mtu anamsubiri mwenzake. Gawa kwa chanzo. Mmoja Bunge, mmoja Gazeti la Serikali, mmoja hukumu.

Sababu yake ni hii. Sheria nyingi zinazotubadilishia kazi hazina jina la eneo letu. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, jina hilo linakwambia nini? Hakuna. Lakini ile Na. 3 ya 2018 ndiyo iliyotuletea kanuni ya kutanguliza haki kuliko ufundi, ile tunayoiita oksijeni. Ile Na. 1 ya 2021 ndiyo iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Na Sheria Na. 11 ya 2023, ya marekebisho ya sheria za sekta ya sheria, ikaondoa sharti la kibali cha kukata rufani kwenda Mahakama ya Rufani katika mashauri ya madai na ya ardhi. Mtu wako wa ardhi akisubiri sheria yenye neno ardhi kwenye jalada lake la juu, hilo litampita.

Wa Bunge ana kazi nyepesi kuliko mnavyodhani, kwa sababu Bunge lina ratiba. Muswada unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kamati, wadau wanaitwa, ndipo unarudi. Asome muswada, asingoje sheria. Juni yote ni Muswada wa Sheria ya Fedha, na humo ndani msitafute kodi tu: Sheria ya Fedha ya 2020 ndiyo iliyoingiza habari za mmiliki manufaa, yaani mtu anayefaidi kampuni hasa nyuma ya pazia, kwenye Sheria ya Makampuni.

Wa Gazeti ndiye mwenye mzigo. Gazeti hutoka Ijumaa, lakini asitegemee Ijumaa peke yake. GN 198 ya fedha za kigeni ilikuwa Ijumaa kweli, ila hiyo Amri ya wasio raia, GN 487A, ni ya Julai 28, 2025, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Ukiona namba ya GN ina herufi mwishoni jua ilichomekwa katikati. Na waziri hampigii mtu simu.

Halafu afundishwe kuandika tarehe mbili, ya kutangazwa na ya kuanza kutumika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni Na. 11 ya 2022 lakini ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kima cha chini kipya cha mshahara sekta binafsi kilitangazwa Oktoba 2025, kuanza Januari 1, 2026. Nusu ya ubishi ninaousikia kwenye korido za mahakama ni watu wawili walioshika tarehe tofauti za sheria ileile, wote wamekasirika.

Haki_na_Kazi

Mzee nakuheshimu, ila umemmaliza mtu wa hukumu kwa neno moja, na huyo ndiye ninayemhofia kuliko wote. Gazeti litakwambia kilichoandikwa. Halitakwambia kama kilichoandikwa bado kinasimama.

Mfano kila mtu anaujua. Kwenye shauri la Rebeca Gyumi, mwaka 2016, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba, ikampa Mwanasheria Mkuu mwaka mmoja vifanyiwe marekebisho. Serikali ikakata rufani, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Lakini maneno yaleyale yakaendelea kusomeka kitabuni miaka baada ya hapo. Kijana anayefungua kitabu tu atamjibu mteja kwa kujiamini kabisa, na atakuwa anasoma maneno yaliyopo kweli.

Upande wa pili wa balaa: shauri la Dickson Sanga. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kile cha makosa yasiyo na dhamana, ni batili. Magrupu yalisherehekea usiku kucha. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua, kifungu kikarudi na nguvu zake. Aliyepokea taarifa ya Mei na asipokee ya Agosti, bora asingepokea yoyote.

Kwa hiyo kwenye taarifa zenu za ndani, uamuzi wa Mahakama Kuu uandikwe na hali yake: kuna notisi ya rufani au hakuna, na nani atarudi kuangalia. Jina la mtu liandikwe. "Tutafuatilia" maana yake hakuna anayefuatilia.

BintiMvita

Salamu kutoka Mombasa. Haya ya kutenguliwa na kurudishwa tuliyaonja kwa Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema sheria nzima ni batili. Agosti Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba 29 ikaupindua. Katikati hapo mteja anakuuliza, wakili, nilipe au nisilipe? Hakuna jarida la mwisho wa mwezi litakalokusaidia. Ilibidi ujue hali ya siku ile, na umwambie kwa maandishi kwamba jibu lako ni la siku ile.

Na samahani nikiudhi watu: msihesabu pointi za mafunzo endelevu kama ndiyo kwenda na wakati. Huku kwetu zinatakiwa kila mwaka kwa ajili ya leseni, nazo watu huzipata wakiwa ukumbini wanajibu barua pepe za wateja. Semina nzuri ni ile unayokwenda na swali la faili lako.

Kijana_wa_Uwakili

Wakuu mbona hamtaji akili mnemba? Unaiuliza tu "nini kimebadilika kwenye sheria ya ajira Tanzania mwaka huu", inakupa muhtasari dakika moja. Ofisi ndogo ndiyo zingefaidi zaidi.

Haki_na_Kazi

Itakupa muhtasari, na itakupa kesi ambazo hakuna jaji aliyewahi kuziandika. New York, Juni 2023, kwenye shauri la Mata v. Avianca, mawakili wawili na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kubuni walizopewa na mashine. Sisemi usiitumie. Mpe PDF ya GN uliyoipakua mwenyewe ikufupishie, sawa. Ila hukumu ambayo hujaifungua TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria, kwa macho yako isiingie kwenye wasilisho. TanzLII ni ya Mahakama yenyewe na ni bure, kisingizio kiko wapi?

Karani_wa_Zamani

Mimi si wakili, nimekuwa karani kwenye ofisi za mawakili tangu enzi za kupanga foleni masjala na mafaili kwapani. Mnasahau kitu kimoja. Kuna mabadiliko ambayo hayako Bungeni wala kwenye Gazeti. Mfumo wa e-CMS, ule wa mahakama wa kusajili mashauri kwa mtandao, unaanza kudai kiambatisho ambacho jana haukudai. Ofisi ya msajili inataka malipo yaonekane kwanza ndipo ipokee. Kanuni za kusajili mashauri kwa mtandao, GN 148, ni za 2018, lakini kanuni na kile skrini inachokubali ni vitu viwili. Wa kwanza kuyajua ni karani, kwa sababu ndiye anayerudishiwa nyaraka. Kikao chenu cha taarifa mwiteni na karani, na aanze yeye kusema kabla mawakili hawajashika maiki.

Mpenda_Kanuni

Karani kaua. Hii ndiyo jibu la uzi.

Unguja_Kwetu

Nanyi mnaosema "Tanzania" mkumbuke na huku Zanzibar. Ardhi na kazi huku zina sheria zake, zinatoka Baraza la Wawakilishi. Kodi ya mapato ni ya Muungano lakini VAT ya Zanzibar ina sheria yake. Mteja wa hoteli mwenye tawi Mwanza na jingine Nungwi atakuuliza swali moja na majibu ni mawili. ZanzibarLII, tovuti kama TanzLII ya huku, ipo, itieni kwenye orodha ya mtu wa hukumu.

WakiliWaZiwa

Asanteni sana wakuu, na karani shikamoo. Kugawa kwa chanzo sikuwahi kufikiria. Nina maswali mawili bado. MzeeWaGazeti, hiyo taarifa yenyewe inaandikwaje ili isomwe? Tukijaribu kuandika kurasa nne hakuna atakayefungua. Na suala la huduma ya kulipia hamjanijibu.

MzeeWaGazeti

Aya moja kwa kila badiliko. Iseme kilichobadilika, kifungu kipi, tarehe zile mbili, kisha mstari ambao ndio roho ya kazi yote: majalada gani ofisini yanaguswa, na nani atampigia mteja. GN 198 ilipotoka, taarifa ya maana haikuwa "matumizi ya fedha za kigeni yamezuiwa". Hiyo kila mtu aliisikia redioni. Taarifa ya maana ni "mikataba ya pango tuliyoiandaa yenye kodi kwa dola ni hii na hii, fulani aipitie". Kama badiliko haligusi jalada lolote, liweke chini kabisa kwa mstari mmoja. Ninavyoona mimi, wakili hasomi sheria mpya, anasoma habari za mteja wake.

Na mwenye kuandika awe kijana, ila mbia atie saini. Kijana atajifunza, na mbia atalazimika kusoma.

Kitu kingine ambacho kila ofisi iliyokuwa na violezo vya mikataba na hati za madai kwenye kompyuta inapaswa kukifanya: vipitieni vyote kwa Toleo la 2023. Baadhi ya sheria namba za vifungu zimehama. Kiolezo cha zamani kitakufanya unukuu kifungu ambacho sasa kinazungumzia jambo jingine kabisa, na wa upande wa pili atakuachia ufike mbele ya jaji ndipo asimame.

Kikao kiwe kifupi, wamesimama ikiwezekana. Siku yoyote isiyo ya mahakama kwenu.

BintiMvita

Kuhusu kulipia: kabla hujalipa, waulize kama wanakwambia hukumu ile imekatiwa rufaa, imefuatwa au imekataliwa na mahakama nyingine. Kama wanakupa hukumu tupu, hiyo unayo bure, kwenu TanzLII na huku Kenya Law. Mimi ningelipia eneo moja tu, kodi, maana hapo maelezo ya mtaalamu yana thamani kuliko maandishi ya sheria. Kuajiri mtu wa utafiti ofisi ya ukubwa wenu naona ni mapema. Atageuka kuwa mtu wa kuandaa mawasilisho ya kila mtu, na Gazeti litarudi kutosomwa.

WakiliWaZiwa

Hilo la mwisho limenigusa, ndicho kingetokea hasa. Basi naanza hivi: watu watatu kwa vyanzo vitatu, karani anafungua kikao, na violezo tunavigawana tuvipitie kabla ya msimu wa bajeti. Zanzibar naichukua mimi mwenyewe.

Mpenda_Kanuni

Wakili, taarifa ya kwanza ikitoka ifiche majina ya wateja utuwekee hapa tuione.

WakiliWaZiwa

Ya ardhi na ajira nitaweka. Ya kodi hapana mkuu, hata nikificha majina. Mwanza hii tunajuana.