Naomba ushauri: mume wangu hataki kupima kaswende

Habari zenu wapendwa. Nauza dagaa soko la mwaloni Kirumba, Mwanza. Mume wangu ni mvuvi, siku zote za giza, mwezi usipoonekana, yuko kambini visiwani Ukerewe, anarudi nyumbani siku za mbalamwezi.

Nina mimba ya miezi 4. Kliniki walinitoboa kidole: UKIMWI sina, kaswende ninayo. Sikuwa na kidonda wala muwasho, nililia pale pale kwenye benchi. Nimechomwa sindano ya penisilini, paja zima linauma. Nesi kasema mwenzangu asipotibiwa ataniambukiza tena, na mtoto tumboni anaweza hata kufa.

Yeye anajibu, "Siumwi popote, nipime nini?"

Nimwambieje bila ugomvi? Nimfuate kambini au nisubiri mbalamwezi? Akina baba mliowahi kupima, nini kiliwafanya mkubali?