Mjadala: Programu yetu huria iwe na kanuni za heshima, au mtu aambiwe kavukavu?

Mtunza_Ghala
Wakuu, mbukwenyi. Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa. Wengi wenu mnaifahamu ile programu huria ya kupokelea zabibu: mkulima anafika na kreti zake, karani anapima, anaingiza jina, kilo na namba ya simu, jioni malipo yanatumwa kwa simu. Msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi, yeyote anausoma na kuleta marekebisho. Majuzi mwanachuo mmoja alileta yake kwa mara ya kwanza. Aligundua kwamba namba za simu zinahifadhiwa kama hesabu, kwa hiyo sifuri ya mbele inadondoka: 0754 inageuka 754 na malipo hayaendi. Akabadilisha zihifadhiwe kama maandishi. Alichosahau ni namba ambazo zilishaingia zamani. Msimamizi mwenzangu akamjibu hivi, na ndiyo jibu lote: "Uchafu. Nani alikufundisha kuandika?" Kijana hajarudi. Nimempigia, hapokei.

Nauliza: tuandike kanuni za heshima na tuweke wa kuzisimamia, au kazi hii ndivyo ilivyo?

Fundi_Majengo
Aliyejibu ni mimi, sina sababu ya kujificha. Kodi yake, yaani huo msimbo, ilikuwa mbovu, nikasema mbovu. Mkulima wa Hombolo aliyekosa hela yake hana shida ya kujua kama mwandishi alibembelezwa. Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, imeandikwa tangu 1991, mwanzilishi wake Torvalds akiwaporomoshea watu maneno makali, na leo simu zenu zote za Android zimekaa juu yake. Tatizo hapa ni malezi. Vijana wa siku hizi hata shikamoo inawashinda, halafu wanataka kodi zao ziamkiwe.

Dogo_wa_Chimwaga
Shikamoo, Fundi. Naanza nayo ili usipate pa kunishika. Mimi nimelelewa nikiamkia kila mtu mzima kuanzia mlangoni kwetu hadi stendi. Sasa niambie, kwenye msimbo umri wako naujuaje? Jina lako pale ni herufi tatu na picha ya pikipiki. Halafu anayeamkiwa naye ana wajibu, anaitikia marahaba. Wewe ukiamkiwa unaitikia "uchafu".

Mama_Data
Fundi, habari ya Linux umeisimulia nusu. Nadhani ni 2018, mwezi wa tisa, Torvalds mwenyewe aliandika kuomba radhi kwa jinsi alivyokuwa akiwashambulia watu kwenye barua pepe. Akajiweka pembeni, akarudi Oktoba. Kipindi hichohicho mradi ukapokea kanuni za mwenendo zilizotokana na zile alizoziandika Coraline Ada Ehmke mwaka 2014. Linux haikufa. Na Ubuntu, aina ya Linux ambayo nusu yetu ndiyo iliyotutoa gizani, ina kanuni zake za mwenendo miaka nenda rudi. Jina lenyewe ni la lugha za Kibantu za kusini, ndugu wa damu wa neno letu "utu".

Zamu_ya_Usiku
Mimi kazi yangu ni kulinda seva, zile kompyuta zinazohudumia nyingine, naomba mnisikilize kwa hili. xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo karibu kwenye kila Linux. Ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, na alishasema wazi kwamba amechoka na afya ya akili inamsumbua. Zikaanza kuja barua za watu wasiojulikana kumsimanga: unachelewesha, mradi umekushinda, mwachie mwingine. Pembeni yuko msaidizi mpole anangoja. Mwishowe akakabidhiwa funguo, yaani ruhusa ya kubadilisha msimbo. Machi 2024 mwandishi mmoja wa programu, Andres Freund, akaona kuingia kwenye seva kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia, akakuta mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu, umefichwa ndani ya xz. Masimango yalikuwa sehemu ya njia waliyopitia. Sisi ambao kusimangana tumeshakufanya mazoea, adui anayesimanga kwa makusudi tutamtambuaje?

Fundi_Majengo
@Dogo, picha ya pikipiki inakuhusu nini? Ile pikipiki ndiyo iliyosomesha wanangu wawili kabla sijagusa kompyuta. Nilijifunzia kwenye kibanda cha intaneti, nalipia kwa dakika, hakuna aliyenishika mkono, na nilitukanwa na watu wa nchi ambazo sitazifika. Nina miaka 46. Marahaba yako utaipata tukionana.

Dogo_wa_Chimwaga
Pikipiki sijaidharau, mzee wangu. Baba yangu anaendesha hadi leo. Nimesema tu kwamba haionyeshi umri.

Mkwaju_wa_Kongwa
Shikamoo mnaigombania bure, ni salamu iliyotoka pwani. Hapa kwetu mkutano mzima unaamkiwa "Mbukwenyi" mara moja, wazee na watoto, na hakuna anayenuna.

Mama_Data
Kwa hiyo bibi yako ukifika Kongwa humwamkii?

Mkwaju_wa_Kongwa
Namwamkia, tena kwa kuinama, kwa Kigogo. Bibi yangu muacheni.

Mtani_wa_Damu
Hofu yangu ni nyingine kabisa. Mkiandika kanuni, utani umekwisha. Mimi na Fundi tunaitana majina ambayo huyo msimamizi wenu wa kanuni angetutimua wote wawili kabla ya saa nne asubuhi. Kabila langu na lake ni watani tangu mababu. Mtatuletea karatasi ya Wazungu ituambie namna ya kuongea?

Herufi_Mbili
Ndugu yangu, utani naujua, nimekulia ndani yake. Baba alipofariki, watani walifika alfajiri. Mmoja akajilaza mbele ya jeneza: huyu marehemu ana deni langu la mbuzi, hatoki hapa mpaka nilipwe. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi yake. Na ni huyohuyo aliyeshika sururu, akachimba ule udongo mgumu wa kwetu mpaka jua likawa utosini, akawa wa mwisho kuondoka msibani. Mtani anakutukana kwa sababu siku yako ikifika anakuja na sururu. Fundi kwa yule kijana hakuchimba hata kidogo. Hakumtajia mstari hata mmoja wa kurekebisha.

Na niseme la pili, limekaa sana. Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye programu hii. Mnanijua kwa herufi mbili na mnaniita kaka, sijawahi kuwasahihisha. Zamani, kwenye mradi mwingine, nilitumia jina langu kamili. Swali langu la kwanza, lilikuwa la tarehe kusomeka vibaya, likajibiwa na mtu akiniuliza kama nimeolewa. Nikafuta akaunti. Kwa hiyo mkiniuliza kanuni, mimi ninayo moja: ukikataa kazi ya mtu, taja mstari, sema kiwekwe nini. Na usimguse mwenye kazi.

Dogo_wa_Chimwaga
Dada, shikamoo. Nisamehe kwa "kaka" zote zile.

Fundi_Majengo
Sikujua, dada. Ila hilo la kuolewa msinitwishe mimi.

Herufi_Mbili
Nimesema mradi mwingine. Lako ni lile neno moja.

Mtunza_Ghala
Wakuu, naomba turudi. Kanuni tukiziandika, nani atamsimamia msimamizi? Mimi na Fundi ndio wenye funguo, na hili limetokea kwetu.

Mama_Data
Wawe watu watatu, na mmoja asiwe mwandishi wa msimbo. Awe karani wa kituo.

Fundi_Majengo
Karani aamue ugomvi wa kodi?

Mama_Data
Karani ndiye anayepigiwa simu na mkulima usiku malipo yasipofika. Anajua kuongea na mtu mwenye hasira kuliko wewe na mimi.

Mkwaju_wa_Kongwa
Halafu tuseme "msimbo". Kodi ni ile ya TRA.

Fundi_Majengo
Nimeshinda nayo usiku huu, kazi ya yule kijana. Mstari wa 214 uko sawa, tena aliona kitu ambacho mimi nimekipita mara nyingi. Kilichobaki ni namba za zamani: yenye tarakimu tisa iongezwe sifuri mbele, basi. Nimemwandikia hivyo chini ya kazi yake. Lile neno la kwanza nimeliacha palepale. Nililisema, sitajifanya sikulisema.

Mtani_wa_Damu
Hapo sawa. Kulifuta ni kuficha.

Herufi_Mbili
Hapana, liondoe, na uandike kwamba umeliondoa wewe. Jibu lako jipya liko chini. Akifungua simu yake, "uchafu" ndilo atakaloanza nalo, na anaweza asifike chini.