Miaka 41, zamu za kuzunguka, watoto watatu na uhandisi wa umeme mtandaoni: nipunguze masomo au niache?

FundiWaPaneli

Wakuu, naombeni ushauri. Nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni fundi umeme kiwandani, upande wa matengenezo, mwaka wa 17 sasa. Mota, paneli na relei ndiyo maisha yangu. Nina mke na watoto watatu, na huyu wa mwisho wa miaka mitatu halali kabla ya saa nne usiku hata umwimbie nini. Mwaka juzi nilijiunga na shahada ya uhandisi wa umeme kwa mtandao. Sababu sitaificha: nilichoka kumwonesha kila mhandisi mpya swichi iko wapi, halafu mwezi wa tatu yeye ndiye anayenisainia karatasi za kazi.

Mwaka wa kwanza ulikwenda. Muhula huu nimechukua hisabati ya pili, saketi na mifumo ya udhibiti (jinsi mitambo inavyojiongoza yenyewe). Kila somo krediti 6, muhula wiki 15. Zamu zinazunguka: wiki ya asubuhi, wiki ya mchana, wiki ya usiku. Kwenye karatasi nasoma saa nne hadi saa saba usiku, siku tano. Kwenye ukweli nafungua video, narudisha nyuma dakika ileile mara tano, nakuja kushtuka skrini imejizima na waya wa daftari umenichora shavuni.

Jaribio la hisabati nimepata 31 kwa 100. Hilo ningelimeza. Mambo mawili yamenishinda kumeza. La kwanza, wiki iliyopita nilifunga kufuli kwenye paneli, nikaning'iniza kibao, halafu nikasimama na multimita mkononi nisijue kama nimeshapima kuwa umeme umekatika au bado. La pili, binti yangu wa miaka tisa alikuwa na hesabu zake za shule, mdogo wake akamwambia, "Usimwulize baba, baba ana mtihani." Mtihani ulishapita wiki mbili nyuma.

Sasa nipunguze, niache, au kuna siri wenzangu mnaijua? Na hii shahada ya mtandaoni, mwisho wa siku inahesabika?

ZegeNaNondo

Nimetandika mkeka hapa nasubiri majibu. Umeandika maisha yangu, tofauti ni kwamba mimi ni wa ujenzi na watoto ni wawili.

MamaGiaboksi

Mdogo wangu, mimi ni mhandisi wa mitambo, nilianza shahada nikiwa na miaka 43, nikamaliza nina 51. Miaka minane. Watu walinicheka mwaka wa tano, nikawaacha wacheke.

Kabla hujajilaumu, piga hesabu kama fundi. Kama krediti zako ni za mfumo wa Ulaya, ECTS, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Masomo matatu ni krediti 18. Chukua kiwango cha chini: saa 450. Gawa kwa wiki 15, unapata saa 30 kila wiki. Wewe umepanga 15, na katika hizo nusu umelala. Transfoma ikipewa mzigo mara mbili ya uwezo wake ikaungua, unailaumu transfoma? Mpangaji ndiye aliyekosea. Mpangaji ni wewe, kwa hiyo unaweza kurekebisha.

Mimi nilichukua somo moja kila muhula. Mawili nilichukua pale tu la pili lilipokuwa la kuandika ripoti. Hisabati sikuiweka kamwe pamoja na somo linaloitegemea, na hapo ndipo ulipojikwaa: mifumo ya udhibiti inakutaka uwe tayari unaijua hiyo hisabati ya pili.

Halafu achana na video za usiku. Mtu aliyechoka akiangalia mwalimu anatatua swali, anaona kila kitu ni rahisi, na hiyo ndiyo hatari yake. Mimi nilikuwa nafika kazini dakika 40 kabla ya zamu, nakaa chumba cha kubadilishia nguo na karatasi tupu, kitabu kimefungwa, nafanya maswali mawili. Mawili tu. Nikikwama naandika nimekwama wapi, ndiyo jioni nafungua kitabu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba watafiti Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006: waliojipima wenyewe walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma. Nilijiona mjanja, kumbe watu walishaandika.

Wiki ya zamu ya usiku usiguse mada mpya. Sahihisha makosa ya zamani, basi.

Na hiyo ya multimita imenisisimua mwili. Watafiti Dawson na Reid walionesha mwaka 1997 kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe kwenye paneli ungemruhusu mlevi akushikie kazi? Kata masomo, usikate usingizi. Hapo sibembelezi.

NimeolewaNaMwanafunzi

Nasema kama mke, maana huku kwenye majadiliano ya masomo wenza huwa tunatajwa tu kama sehemu ya matatizo.

Mume wangu alisoma hivihivi. Sikuchukia masomo yake. Nilichukia kutojua. Yupo sebuleni, kompyuta iko wazi, sijui nimwite aje kumwogesha mtoto au nikimwita nimeharibu. Watoto nao hawajui. Kwa hiyo kila mtu ananyata nyumba nzima, siku saba kwa wiki, kwa ajili ya saa sita za kusoma kweli. Yule mtoto wako aliyesema "baba ana mtihani" ndivyo alivyofundishwa, kwamba mtihani hauishi.

Tulichofanya ni karatasi moja mlangoni. Saa za kusoma zimeandikwa, mlango unafungwa, hata bomba likipasuka nitajua mwenyewe. Saa nyingine zote kompyuta iko kabatini, na nikimwona na daftari napiga kelele. Alilalamika wiki mbili za kwanza. Yeye ndiye aliyekuja kuiongezea mistari.

Lakini kaka, nikuulize. Umetuuliza sisi usiotujua sura. Shemeji umemwuliza?

SomeshaUdhibiti

Nafundisha mifumo ya udhibiti, na wanafunzi wangu wengi ni watu wazima walio kazini. MamaGiaboksi amesema ya kupanga muda, sirudii. Naongeza mawili.

Shahada ya mtandaoni: usiulize kama ni ya mtandaoni, uliza ithibati. Tafuta programu yako, kwa jina lake kamili, kwenye orodha ya chombo kinachotoa ithibati za uhandisi katika nchi ya chuo, uone inatambuliwa katika ngazi gani. Kuna mikataba ya kimataifa ya kutambuana programu: Mkataba wa Washington wa 1989 unahusu wahandisi, wa Sydney wa 2001 unahusu wanateknolojia wa uhandisi, wa Dublin wa 2002 unahusu mafundi sanifu. Majina ya programu hufanana, ngazi zikatofautiana. Uliza pia maabara: unatumiwa vifaa, unakwenda chuoni siku kadhaa, au ni simulesheni tupu? Mwenye familia na zamu anahitaji kujua hizo siku mapema.

La pili, mkuu, una mtaji hujautumia. Mota ya sta-delta, ile inayoanza koili zikiwa zimeungwa kwa sta kisha zikageuzwa kuwa delta, umeifunga mara ngapi? Unajua kwa mikono kwamba ikianza kwenye sta inavuta umeme kidogo. Sasa kaa na karatasi uone kwa nini: kila koili inapata volteji iliyogawanywa kwa mzizi wa 3, kama asilimia 58, na mkondo kwenye laini unakuwa theluthi moja ya ule wa delta. Mwanafunzi wa miaka 19 anaikariri hiyo. Wewe umeisikia ikinguruma.

Hata Laplace, ile hesabu ya udhibiti inayotisha wengi. Bila shaka umeshawahi kurekebisha PID, yaani kidhibiti chenye sehemu tatu P, I na D, ya tanuri au pampu. Umeongeza I, sehemu inayojumlisha makosa yaliyopita, kupita kiasi, joto likaanza kupanda na kushuka lisitulie. Laplace inageuza milinganyo yenye derivativu (kasi ya mabadiliko) kuwa aljebra ya kawaida, ili uone huko kuyumba kwenye karatasi kabla hakujaonekana kwenye tanuri. Anzia kwenye mtambo unaoujua, rudi kwenye fomula. Vitabu vinakwenda kinyume, usivifuate.

Hisabati baki nayo. Udhibiti usogeze.

FundiWaPaneli

Nimerudi. Siku nne zimepita, nimewasoma wote mara mbili.

Mke wangu nimemwuliza. Kasema alikuwa anangoja nimwulize tangu muhula ulipoanza, akaniletea karatasi ambayo tayari alishaichora. Nina asubuhi mbili katika wiki ya zamu ya mchana, jioni mbili katika wiki ya asubuhi, Jumamosi nusu siku, na wiki ya usiku hakuna kitu. Nimejumlisha, wastani ni saa tisa na kidogo kwa wiki. Somo moja linataka kumi. Nimebishana naye hiyo saa moja, nimeshindwa.

Kwa hiyo nimeondoa udhibiti na saketi, mwisho wa kuondoa ulikuwa Ijumaa. Saketi imeniuma maana ndiyo niliyokuwa naiweza. Ithibati nimeikuta kwenye orodha, ngazi ya wahandisi. Maabara ni siku kumi chuoni mwaka wa tatu, bosi wa zamu nimeshamwambia mapema.

Jumamosi binti kaja na hesabu zake za sehemu (nusu, robo), mimi nina nambari changamano, tukakaa meza moja. Kaniuliza kwa nini hesabu zangu zina herufi j katikati ya tarakimu. Nikamwambia wengine wanaandika i, ila sisi wa umeme i ni mkondo. Akauliza, sawa, lakini ni kitu gani? Nikaanza na mzizi wa hasi moja, akanitazama, nikamwambia turudi kwenye sehemu kwanza.