Meneja kapunguza mafuta ya safari, sasa anataka madereva wakatwe mshahara. Hii imekaaje?

Karani_wa_Yadi

Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri, hili jambo linaninyima usingizi na mwisho wa mwezi ndo huo unakuja.

Nipo kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar, malori yetu yanatoa mzigo bandarini kwenda Tunduma, mengine yanavuka Zambia mpaka Kongo na kurudi na shaba. Mi naandika mafuta, mileji na spea. Tukaletewa meneja mpya, katokea kwenye mauzo, magari hayajui. Kitu cha kwanza akachukua ripoti za trakingi akapiga hesabu zake kwenye Excel akasema mafuta yanaibiwa, kwahiyo gari lenye mzigo la kwenda Tunduma ambalo lilikuwa linapewa lita 550 kuanzia sasa lipewe 460, hakuna mjadala. Nikaangalia ile hesabu nikakuta kachanganya safari za kwenda na mzigo na zile za kurudi tupu, akatafuta wastani. Nikamwambia bosi hapa pana shida, gari tupu halili mafuta sawa na gari lenye tani 28 juu, akanijibu kazi yangu ni kuandika ninachoambiwa.

Kilichofuata ndo kinaniuma. Dereva akiishiwa njiani anajaza kwa hela yake ya mileji, yani posho ya safari, anarudi nyumbani mikono mitupu. Wengine ili lita zifike wanashuka milima wameweka fri, yani gia imetolewa gari linaserereka lenyewe. Juzi gari limerudi, fundi akafungua tairi la nyuma la trela akaniita nije nione, ngoma ya breki imegeuka rangi imekuwa ya bluu, laining, vile vipande vinavyobana ngoma, zimeungua hadi zinapukutika ukizishika. Daftari langu la spea linaonesha laining zinatoka kupita zamani na sababu yake pale yadi kila mtu anaijua. Meneja anasema huo ni uzembe wa madereva. Kaniagiza niandae barua, kila ambaye gari lake limemaliza laining au limezidisha mafuta akatwe kwenye mshahara, na kila barua iwe na sahihi yangu.

Sheria inaruhusu? Na hiyo sahihi niweke au nikatae? Nafikiria kwenda kwa mzee mwenye mali ila huyu meneja ni mtu wake wa karibu sana. Wale madereva wengine ni watu wazima, ndo walionipokea nikiwa sijui hata trela linafungwaje, siwezi kukaa kimya waumizwe.

Gia_ya_Kupandia

Mdogo wangu umefanya vizuri kuuliza. Hiyo barabara nimeiendesha miaka mingi kabla sijaacha kazi ya lori. Ukitoka Mbeya mjini unaushuka Iwambi kuelekea Mbalizi na mzigo wote uko mgongoni, na wakati wa kurudi umebeba shaba unaikuta Kitonga, ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili. Pale hakuna mwenye ubavu wa kushusha tani 50 na zaidi kwa kukanyaga breki tu, lazima gia ishike na eksosti breki, ile inayotumia injini kupunguza mwendo, ifanye kazi. Sisi wakubwa zetu walitufundisha gia unayopandia mlima ndo hiyo hiyo unashukia. Ukitoa gia, uzito wote unaupa breki peke yake, zinachemka, ukifika katikati ya mlima unakanyaga pedo inaenda mpaka chini na gari halikusikii. Hiyo rangi ya bluu uliyoiona ni chuma kilichopata moto kupita kiasi, hilo gari lilibakiza kidogo sana likaue watu.

Na kuna kitu madereva wengi hatukuambiwa. Magari ya siku hizi yenye injini za dizeli zinazoongozwa na kompyuta, ukiwa kwenye gia mlimani umeachia mafuta, kompyuta inafunga dizeli kabisa, gari linazungushwa na mteremko wenyewe. Ukiweka fri injini inabidi ichome mafuta ili isizime. Kwahiyo hao vijana wanahatarisha roho zao na hiyo dizeli wala hawaiokoi. Waambie leo leo, usisubiri mambo ya barua.

Mwenye_Fuso_Mbili

Mimi nitaongea tofauti kidogo, naomba msinielewe vibaya. Mafuta yanaibiwa kweli. Nina gari zangu na nimeshalizwa, kuna vijiji njiani watu wanakaa na madumu wanajua gari gani litasimama saa ngapi. Kwahiyo meneja kuanza na mafuta simlaumu, dizeli ndo inakula hela kuliko kitu chochote kwenye hii biashara.

Kosa lake ni kukata lita bila kupanda gari. Mi nilipotaka kujua ukweli nilijaza tenki mpaka juu, nikakaa kiti cha abiria mwenyewe mpaka mwisho wa safari, tukajaza tena mpaka juu nikaona zimeingia lita ngapi. Nikafanya hivyo na mzigo, nikafanya na gari tupu, na foleni za mizani na mpakani nikaziona kwa macho maana injini inaunguruma pale masaa na trakingi inasoma kilomita sifuri. Baada ya hapo nikiongea na dereva habari ya lita hanidanganyi na mi simuonei. Huyu wenu amemuonea hata yule ambaye hajawahi kuuza tone, na sasa yule aliyekuwa haibi atajifunza kuiba ili aishi. Mwizi mwenyewe hata hajaguswa, atachukua tu kwenye hizo 460 na breki za kampuni zitalipia.

Dada_wa_Rasilimali

Nimefanya kazi ya rasilimali watu muda mrefu, ngoja nijibu la sheria. Soma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kwa hasara anavyojisikia. Kwanza hasara iwe imetokea mtu akiwa kazini na iwe ni kosa lake. Halafu mfanyakazi aandikiwe chanzo cha hasara, kiasi chake na kimehesabiwaje, apewe na nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara yenyewe, na yasipite robo ya ujira wake. Sasa laining kuisha kwa sababu kampuni imetoa mafuta pungufu utaandikaje kuwa ni kosa la dereva?

Sahihi yako kaka yangu usiiweke kwenye maneno usiyoyaamini. Wewe ni mtu wa kumbukumbu, basi andika kumbukumbu. Mwandikie meneja kwa heshima kabisa, kwamba umepokea maagizo, na kwamba daftari linaonesha laining zilikuwa zinatoka hivi kabla ya mabadiliko ya mafuta na hivi baada ya mabadiliko, na unaomba fundi mkuu atoe ripoti kabla barua hazijaandikwa. Nakala baki nayo. Wakikata kwa nguvu, madereva wana siku 60 za kupeleka mgogoro CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na mtu akifukuzwa ni siku 30 tu kwahiyo asikae nyumbani akisubiri kuitwa. Kama wapo chama cha wafanyakazi waanzie huko.

Teller_Mstaafu

Nikisoma hii nakumbuka habari ya Wells Fargo kule Marekani, sisi watu wa benki tuliifuatilia sana. Wakubwa waliweka malengo ya akaunti ambayo mtu wa kaunta hawezi kuyafikia kihalali, watu wakaanza kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Ilipolipuka Septemba 2016 benki ikatozwa faini ya dola milioni 185, akaunti za mashaka zilitajwa kama milioni 2 na baadae idadi ikapanda, na ikajulikana kuwa wafanyakazi kama 5,300 walikuwa wameshafukuzwa kwa miaka kadhaa. Yani miaka yote hiyo wanafukuza watu wa chini huku lengo lenyewe liko pale pale ukutani. Bosi mkuu, John Stumpf, aliachia ngazi Oktoba mwaka huo huo na 2020 akafungiwa kabisa kufanya kazi za benki.

Meneja wenu yupo njia hiyo hiyo. Ameweka namba isiyowezekana, watu wametafuta pa kupenyea, sasa anaadhibu waliopenya na namba haigusi. Kwa mzee nenda, ila usiende kumshtaki meneja, mzee atakuona mchonganishi. Mpelekee shilingi. Lita 90 kwa safari zimeokoa kiasi gani, laining na ngoma zimekula kiasi gani, gari limelala gereji siku ngapi halijaingiza hela. Mwenye mali akiona karatasi moja yenye hizo hesabu atauliza mwenyewe.

Karani_wa_Yadi

Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Habari ya fri nimeshaituma kwenye grupu la WhatsApp la madereva na wawili wamenipigia hapo hapo, mmoja hakuwa anajua kabisa kuwa hata mafuta haokoi. Fundi mkuu amekubali kuandika ripoti na ile ngoma nimeiweka stoo imefungwa isiuzwe chuma chakavu. Dada nimekuelewa, barua kwa meneja naandika usiku huu. Swali moja tu, nikimwandikia hivyo akanipa onyo kwa kukaidi maagizo?

Dada_wa_Rasilimali

Onyo lijibu kwa maandishi ndani ya muda watakaokupa, ambatanisha ile barua yako na ripoti ya fundi. Hujakaidi, umeomba uthibitisho kabla ya kusaini, na hilo ni jukumu la mtu anayetunza kumbukumbu. Ila picha za kurasa za daftari piga leo kabla hujapeleka barua, kesho linaweza lisiwe mezani kwako.