Naomba ushauri: chesisi ya Land Rover Series III, nichomelee au nibadilishe?

Habari zenu wanachama. Nimekwama, naomba mnisaidie mawazo.

Nina Land Rover Series III 109 ya 1976, ya petroli, aliyoniachia marehemu baba. Naijenga upya kuanzia chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Bodi tumeshaivua, imeegemezwa ukutani hapa kwangu Kasarani, na kwa kuwa ni ya aluminiamu iko sawa isipokuwa pale ilipogusana na chuma.

Shida ni chesisi. Nimeigonga kwa nyundo kipande kwa kipande. Mbele inalia vizuri, lakini kuanzia kwenye ekseli ya nyuma sauti ni butu, na kwenye boriti ya mwisho kabisa nyundo ilizama. Nikatoa udongo mwekundu mkavu, karibu nusu ndoo. Mikono miwili inayobeba bodi nayo imeliwa na kutu.

Fundi mmoja wa Grogan anataka akate sehemu mbovu achomelee chuma kipya. Mwingine wa Industrial Area anasema nisipoteze pesa, nitafute chesisi nzima. Mimi ningependa kuokoa hii, maana ndiyo iliyombeba baba miaka yote.

Maswali yangu ni mawili. Mliowahi kuchomelea chesisi ikiwa tupu, mliishikiliaje isijipinde kwa joto? Na nikilazimika kuibadilisha, nambari iliyo kwenye logibuku imepigwa kwenye chesisi hii ya zamani: huko NTSA (mamlaka ya usafiri inayosajili magari Kenya) nianze na hatua gani kabla sijagusa msumeno?

Natanguliza shukrani.