Safari ya jairokopta kutoka Nairobi hadi Malindi: nifuatwe na gari, au nitegemee watu wa njiani?

Jirani wa Wilson aliuliza:

Hamjambo ndugu zangu. Ninaishi Lang'ata, ambako ndege za kiwanja cha Wilson hunipitia juu ya paa tangu alfajiri, na mwaka jana nilipata leseni ya kurusha jairokopta, kile chombo kidogo cha angani chenye panga kubwa linalozunguka juu. Ninakusudia kwenda Malindi kwa kufuata Barabara ya Mombasa na reli, nikitua Makindu na Voi. Mke wangu anataka kaka yake anifuate kwa gari lililobeba petroli, vifaa na gurudumu la akiba. Mwenzangu wa mafunzoni anapinga, akisema kwamba mwenye kila kitu hamwombi mtu chochote, na asiyeomba hajuani na mtu. Je, ninyi mliokwisha kusafiri mbali kwa chombo hiki mnaonaje? Ningependa hasa kusikia mlivyopokewa mahali ambapo hamkumjua mtu.

Mzee wa Kajiado alijibu:

Ndugu yangu, mwambie shemeji abaki nyumbani. Gari likitoka Nairobi pamoja nawe litakwama nyuma ya malori kabla hata ya kufika Sultan Hamud, ilhali wewe unakwenda kilomita 130 kwa saa, na utakapolihitaji litakuwa nyuma yako kwa saa mbili.

Mimi nilitobolewa gurudumu na mwiba wa mgunga kwenye kiwanja cha vumbi karibu na Voi. Ulikuwa mrefu kama kidole cha shahada, umezama wote. Mlinzi wa kiwanja alimpigia simu fundi wa pikipiki, naye akaja na beseni la maji, gundi, kipande cha msasa na pampu ya mguu. Aliuzamisha mpira majini, akafuata viputo kwa ncha ya kidole mpaka akalipata tundu, na alipokwisha kubandika kiraka akakilaza chini ya jiwe huku akiniuliza kwa nini panga kubwa la juu halijaunganishwa na injini. Nilimweleza kwamba injini husukuma chombo mbele tu, na kwamba upepo unaopanda kutoka chini ndio unaolizungusha panga lile, kama kititia mkononi mwa mtoto anayekimbia. Akauliza, "Na injini ikizima?" Nikamjibu kwamba panga huendelea kuzunguka wakati chombo kinashuka, mradi rubani asisukume usukani mbele kwa ghafla hadi panga likaukosa upepo wake. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye ataendelea na pikipiki.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Siku hizi, kabla sijaruka kuelekea pwani, humpigia simu saa kumi na mbili asubuhi, naye hutoka nje na kunieleza jinsi mawingu yalivyokaa juu ya vilima vya Sagalla. Akisema, "Sagalla haonekani," ninavua viatu na kurudi kitandani.

Fundi wa Kiwanjani alijibu:

Ninakubaliana na Mzee kuhusu gari, ila naona anakurahisishia mno. Kiwanja cha Wilson kiko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko hupunguza nguvu za injini na kurefusha mbio za kuruka. Kwa hiyo usijaribu kuvipakia chomboni vile vitu ambavyo vingebebwa na gari. Ondoka mapema kabla jua halijapamba moto, na ukumbuke kwamba wakati wa kusi utakuwa unapambana na upepo kwenda pwani, kwa hiyo petroli iliyokutosha kwenye hesabu huenda isikutoshe angani. Injini nyingi za vyombo hivi hutumia petroli ya kawaida, ambayo boda boda atakuletea kwa jerikani, lakini ichuje mwenyewe, hata kama aliyeileta amekwisha kuwa rafiki yako.

Makindu usihofu chakula. Hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 huwapa wasafiri chakula na malazi bila malipo, na sijawahi kuulizwa pale nimetoka wapi kabla sijawekewa chapati na dengu.

Tena kutegemea watu hakumpati mgeni wa safari peke yake. Norman Surplus wa Ireland ya Kaskazini alianza kuizunguka dunia kwa jairokopta mwaka 2010, akaanguka ziwani nchini Thailand, akakwama Japani kwa kukosa kibali cha Urusi, na hakuikamilisha safari hadi 2019. Miaka tisa haiendeki bila watu wa kukutengenezea na kukutunzia chombo.

Binti wa Voi alijibu:

Ninafanya kazi hapa Nairobi, lakini nilikulia karibu na kiwanja, kwa hiyo naomba niwasemee tuliokuwa chini. Tukisikia injini imezimwa tulidhani hatari imekwisha, tukakimbia, kumbe lile panga bado linazunguka. Ukitua, nyanyua mkono na uwazuie watoto kwanza; salamu zitafuata panga likisimama.

La pili ni ahadi. Rubani mmoja alitupiga picha saba tukiwa tumeshika bawa la ndege yake, akaahidi kuzileta. Nilikuwa darasa la nne. Mama yangu aliendelea kumuuliza mlinzi kuhusu picha hizo hata nilipokuwa nimeingia shule ya upili. Hatukutaka fedha zake. Ukiona huwezi kurudi, usiahidi, na ukishafika salama uwapigie simu waliokusaidia, kwa sababu wao hukaa wakitazama upande ulikokwenda.

Jirani wa Wilson alijibu:

Nimewasikia nyote, na mke wangu amesoma pia. Tumeafikiana kwamba shemeji atashuka Mombasa kwa reli na kuningoja Malindi, nami nitachukua kamera ile inayotoa picha papo hapo. Mzee wa Kajiado, tafadhali nitumie faraghani namba ya fundi wa Voi, ukimwomba ruhusa kwanza. Ningependa kumpigia wiki hii kumsalimu tu, ili siku nitakayomuuliza habari za Sagalla awe ananifahamu sauti.